Jinsi ya Kukadiria Sifa Atakazorithi Mtoto kwa Kalamu na Karatasi

Wazazi wawili wasio na ualbino wanapata mtoto mwenye ualbino. Baba wa kundi la damu A na mama wa kundi B wanapata mtoto wa kundi O. Mambo kama haya huzua maneno ndani ya familia, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mama, ilhali yote mawili ni ya kawaida kabisa na hesabu yake inaingia kwenye nusu ukurasa. Fuata hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake, kalamu mkononi. Ukifika mwisho utaweza kukadiria uwezekano wa mtoto kurithi sifa fulani, na utajua pia ni sifa zipi hazikadiriki kwa njia hii.

Hatua ya 1: Jua kinachorithiwa ni nini

Mtoto harithi pua ya baba wala ngozi ya mama. Anachorithi ni jeni, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya DNA ambayo mwili huyafuata unapojijenga. Jeni zimejipanga kwenye kromosomu, na karibu kila seli ya binadamu ina kromosomu 46 zilizo katika jozi 23. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa mama na nyingine kwa baba. Ndiyo maana karibu kila jeni unayo nakala mbili. Nakala hizo zinaweza kufanana au kutofautiana, na kila namna ya jeni huitwa aleli.

Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, jozi hutengana. Kila yai au mbegu hubeba nakala moja tu ya kila jeni, na ni ipi kati ya zile mbili, hiyo ni bahati tupu. Shika hili kabla hujasonga mbele: mzazi ana mbili, mtoto anapewa moja, na kila moja ina nafasi sawa ya kuchaguliwa. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Aliyeligundua hilo hakuwahi kuiona jeni. Gregor Mendel, mtawa aliyeishi Brno, mji wa Jamhuri ya Czech ya leo, alianza majaribio ya njegere mwaka 1856 katika bustani ya monasteri yake. Alichavusha njegere zenye mbegu za mviringo kwa chavua ya zile zenye mbegu za mikunjo, na kizazi cha kwanza chote kikatoa mbegu za mviringo. Ungedhani mikunjo imefutika. Akaiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, kisha akahesabu mbegu za kizazi kilichofuata: 5,474 za mviringo na 1,850 za mikunjo. Gawanya uone; ni karibu sana na tatu kwa moja. Mikunjo ilikuwa imejificha tu, na iliporudi ilikuwa ileile, haikupungua wala kuchanganyika. Mendel alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na ilichukua hadi 1900, yeye akiwa ameshafariki, ndipo wanasayansi wengine walipofikia hitimisho lilelile na kugundua kwamba amewatangulia.

Hatua ya 2: Hakikisha sifa yako inategemea jeni moja

Wengi huiruka hatua hii, na wanaoiruka hupata majibu ya uongo hata kama hesabu yao haina kosa. Njia hii inafaa kwa sifa inayoamuliwa na jeni moja: ualbino, selimundu (ugonjwa wa seli nyekundu za damu zinazopinda kama mundu), himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), makundi ya damu ya ABO, upofu wa rangi nyekundu na kijani. Haifai kwa urefu, rangi ya ngozi kwa ujumla, unene, akili, shinikizo la damu au kisukari cha ukubwani. Hizo huamuliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na lishe, maradhi ya utotoni na mazingira mengine.

Jihadhari na mifano miwili iliyozoeleka madarasani. Wa kwanza ni rangi ya macho: tumezoea kuambiwa kwamba kahawia hutawala buluu na basi. Ukweli ni kwamba jeni kadhaa zinahusika, na wazazi wenye macho ya buluu wanaweza kupata mtoto mwenye macho ya kahawia, ingawa si kawaida. Wa pili ni uwezo wa kuukunja ulimi uwe kama mrija. Ingekuwa ni kazi ya jeni moja, pacha wanaofanana kabisa wangelingana wote, lakini wamekutwa pacha wa aina hiyo ambao mmoja anaweza na mwenzake hawezi. Usiitumie sifa hiyo kumpima mtu kama ni mtoto wa fulani. Inaumiza watu bure.

Hatua ya 3: Toa herufi na utafute jeni za wazazi

Kwa sifa nyingi za jeni moja, aleli moja ni tawala na nyingine ni fiche. Aleli tawala huonekana hata ikiwa moja. Aleli fiche huonekana tu zikikutana mbili. Tawala iandike kwa herufi kubwa, fiche kwa herufi ileile ndogo.

Tuchukue ualbino wa ngozi na macho. A ni aleli inayowezesha mwili kutengeneza melanini (inayotia rangi ngozi, nywele na macho) ya kutosha, a ni ile isiyofanya kazi hiyo. Mtu mwenye AA hana ualbino. Mwenye aa anao. Mwenye Aa hana, kwa sababu nakala moja nzima inatosha kufanya kazi, lakini anaweza kumrithisha mtoto a yake. Huyu huitwa mbebaji. Kwa macho huwezi kumtofautisha na mwenye AA.

Utajuaje basi kama mzazi ni AA au Aa? Uliza ukoo. Chora mchoro wake: mwanamume mpe mraba, mwanamke duara, waliozaa pamoja waunganishe kwa mstari mlalo, watoto washushe chini yao. Mwenye sifa unayoifuatilia mjazie wino. Sasa tafuta mambo mawili. Kwanza, kila mwenye aa alipokea a moja kwa mama na a moja kwa baba, hivyo wazazi wake wote wawili wana angalau a moja kila mmoja. Pili, kila mtoto wa mwenye aa lazima awe na a. Kwa kanuni hizi mbili tu, watu wengi kwenye mchoro watajulikana bila kipimo chochote.

Mchoro huohuo hukuonyesha tabia ya sifa yenyewe. Ikiruka vizazi na kuibuka kwa watoto ambao wazazi wao hawana, huenda ni fiche. Ikionekana kila kizazi, na kila mwenye nayo ana mzazi mwenye nayo, huenda ni tawala. Ikiwapata karibu wavulana peke yao, wanaohusiana kupitia kwa mama zao, ifikirie kromosomu X. Nasema "huenda" kwa makusudi: ukoo mdogo unaweza kukudanganya.

Hatua ya 4: Chora mraba wa Punnett

Mraba huu umepewa jina la Mwingereza Reginald Punnett. Juu andika aleli za mzazi mmoja, kila moja kwenye safu yake. Pembeni andika za mzazi wa pili. Kila chumba kijaze herufi ya juu yake na ya ubavuni mwake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa ualbino, unapata hivi:

| | A | a |
|---|---|---|
| A | AA | Aa |
| a | Aa | aa |

Vyumba vinne, kila kimoja na uwezekano wa robo. Kimoja ni AA, viwili ni Aa, kimoja ni aa. Mtoto ana uwezekano wa robo kuwa na ualbino na robo tatu kutokuwa nao. Ni ile tatu kwa moja ya njegere za Mendel.

Chora mwingine mwenyewe: mama aa, baba AA. Watoto wote watakuwa Aa, hakuna mwenye ualbino, wote wabebaji. Kisha mama aa na baba Aa: nusu kwa nusu. Chora hata kama unadhani umeshaelewa, maana mkono hukumbuka kile ambacho jicho hukipita.

Kuna jambo la kuongeza. Ualbino wa ngozi na macho una aina zaidi ya moja, na kila aina ina jeni yake. Wazazi wawili wenye ualbino wa aina tofauti wanaweza kupata mtoto asiye nao, kwa kuwa kila mmoja anampa mtoto nakala nzima ya jeni ambayo mwenzake ameikosa. Akizaliwa mtoto wa namna hiyo, msimtilie shaka mama yake.

Hatua ya 5: Lisome jibu sawasawa

Robo haimaanishi kwamba katika kila watoto wanne mmoja atakuwa na sifa hiyo. Inamaanisha kila mimba inaanza upya na uwezekano uleule wa robo, kama vile sarafu inavyorushwa bila kujali iliangukaje mara iliyopita. Wazazi waliokwisha kupata mtoto mwenye ualbino hawajamaliza zamu yao, na waliopata watatu wasio nao hawajawekewa deni.

Fanya hesabu uone. Wazazi wabebaji wana watoto wanne. Uwezekano wa wote wanne kutokuwa na ualbino ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 81/256, karibu asilimia 32. Familia kama hiyo inaweza kupitisha kizazi kizima bila kujua kwamba ina aleli hiyo.

Sasa swali ambalo karibu kila mtu hulijibu vibaya. Kaka yako ana ualbino, wewe na wazazi wako hamna. Je, una uwezekano gani wa kuwa mbebaji? Wengi husema nusu, kwa kuwa vyumba viwili kati ya vinne ni Aa. Lakini wewe tunajua si aa, hivyo chumba hicho kinafutwa. Vimebaki vitatu, na viwili kati yake ni Aa. Jibu ni theluthi mbili. Ukipata mwenza ambaye ni mbebaji wa aina ileile, uwezekano wa mtoto wenu kuwa na ualbino ni 2/3 × 1/4, ambayo ni 1/6. Siku mtakapopata mtoto mwenye ualbino, theluthi mbili inakufa na mahali pake panaingia uhakika: wewe ni mbebaji, na kwa kila mtoto atakayefuata uwezekano ni robo. Taarifa mpya hubadilisha hesabu, na unapaswa kuirudia kila unapoipata.

Hesabu hiihii ndiyo ya selimundu, na hapo uzito wake ni mkubwa zaidi kwa sababu ni ugonjwa wa maumivu makali na hatari. Wataalamu huandika AA kwa mwenye himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kawaida, AS kwa mbebaji, SS kwa mgonjwa. AS na AS: robo AA, nusu AS, robo SS kwa kila mimba. AS na AA: hakuna SS hata mmoja. Mbebaji hageuki kuwa mgonjwa kadiri umri unavyoenda, na aleli hiyo moja humpa kinga kiasi dhidi ya malaria kali, jambo lililoifanya idumu sana mahali penye malaria. Usichanganye A hii na A ya kundi la damu. Ni jeni mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa kundi O na bado akawa AS.

Wenza wanaotaka kujua wapime wote wawili, na kipimo kionyeshe aina ya himoglobini. Kipimo cha haraka cha kuyeyusha himoglobini kinaweza kusema S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS, wala hakioni aleli nyingine kama C, ambayo ikikutana na S nayo huleta ugonjwa.

Hatua ya 6: Makundi ya damu, yenye aleli tatu

Hapa aleli ni tatu: A, B na O. A na B hazishindani, zikikutana zote mbili huonekana, ndiyo AB. O ni fiche mbele ya zote mbili. Kwa hiyo mtu wa kundi A ni AA au AO, wa kundi B ni BB au BO, wa kundi O ni OO tu.

Turudi kwa wale wazazi wa kundi A na kundi B. Wakiwa AO na BO:

| | A | O |
|---|---|---|
| B | AB | BO |
| O | AO | OO |

Makundi yote manne yanawezekana kwa wazazi haohao wawili, kila moja kwa robo. Mtoto wa kundi O hana ajabu yoyote. Vivyo hivyo kwa Rhesus (Rh), ile chanya au hasi inayoandikwa kando ya kundi la damu: wazazi wawili wa Rh chanya wanaweza kupata mtoto wa Rh hasi ikiwa wote wanabeba aleli fiche.

Kinyume chake, mzazi wa kundi AB kwa kawaida hapati mtoto wa kundi O, na wazazi wawili wa kundi O hawapati mtoto wa A wala B. Nasema "kwa kawaida" kwa sababu yapo maumbile adimu yanayovunja kanuni hii, mojawapo ikiwa aina ya damu iliyoelezwa mara ya kwanza Bombay mwaka 1952, ambapo mtu huonekana O kwenye kipimo ilhali ana aleli ya A au B. Kwa hiyo usimkane mtoto kwa kadi ya kundi la damu. Swali la uzazi hujibiwa na kipimo cha DNA.

Hatua ya 7: Sifa zilizo kwenye kromosomu X

Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Mama kila mara humpa mtoto X. Baba humpa X au Y, na hapo ndipo jinsia inapoamuliwa. Mwanamke anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa kwa jambo ambalo yai lake halina sehemu nalo.

Jeni za himofilia na za upofu wa rangi nyekundu na kijani zimo kwenye X. Mvulana ana X moja tu, hivyo aleli fiche ikiwa hapo hakuna nakala ya pili ya kuifunika. Andika X kwa nzima na Xh kwa yenye himofilia. Mama mbebaji, baba mzima:

| | X | Xh |
|---|---|---|
| X | XX | XXh |
| Y | XY | XhY |

Kila mvulana ana uwezekano wa nusu kuwa na himofilia, kila msichana nusu kuwa mbebaji. Sasa geuza, baba awe na himofilia na mama mzima asiye mbebaji: wasichana wote ni wabebaji, wavulana wote wazima, kwa kuwa baba huwapa wavulana Y, si X. Himofilia haitoki kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji. Mwanawe Leopold alikuwa mgonjwa, na kupitia binti zake Alice na Beatrice ugonjwa ukaingia katika nyumba nyingine za kifalme, ukamfikia hata Alexei, mtoto wa mfalme wa mwisho wa Urusi.

Kukosekana kwa himofilia katika ukoo hakuiondoi kabisa. Takriban theluthi moja ya kesi hutokana na mabadiliko mapya ya jeni.

Hatua ya 8: Sifa mbili kwa pamoja

Usichore mraba wa vyumba kumi na sita kama huna haja. Tafuta uwezekano wa kila sifa peke yake, kisha zidisha. Wazazi wote wawili wakiwa AS na pia wote wakibeba ualbino, uwezekano wa mtoto kuwa SS na ualbino kwa pamoja ni 1/4 × 1/4, yaani 1/16. Mendel alipofuatilia umbo na rangi ya mbegu kwa pamoja alipata mbegu 556: 315 mviringo za njano, 108 mviringo za kijani, 101 za mikunjo za njano, 32 za mikunjo za kijani. Ni karibu 9:3:3:1, kama kuzidisha kunavyotabiri. Kuzidisha huku hakufai jeni mbili zikiwa karibu kwenye kromosomu moja, maana husafiri pamoja.

Hatua ya 9: Tambua mahali pa kukabidhi kalamu

Kuna sifa tawala zinazochelewa kujitokeza. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo taratibu, ni mfano: kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kuurithi, lakini dalili kwa kawaida huja kati ya miaka 30 na 50, pengine akiwa ameshazaa. Kuna nyingine zinazotokea bila mzazi yeyote kuwa nazo: watu wengi wenye akondroplasia, aina ya kawaida zaidi ya umbilikimo, walizaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, kwa sababu aleli yake ilibadilika upya kwenye yai au mbegu. Na wazazi wawili wenye hali hiyo hawapati tatu kwa moja, kwa kuwa mtoto anayepokea aleli mbili kwa kawaida haishi. Kati ya wanaobaki, theluthi mbili wana akondroplasia.

Ukiwa na ugonjwa wa kurithi katika familia, au mmekwisha kupoteza watoto kwa sababu isiyojulikana, au wewe na mwenza wako ni ndugu wa damu, mwone daktari au mshauri wa masuala ya jenetiki kabla ya mimba ikiwezekana. Mpelekee ule mchoro wa ukoo, vizazi vitatu, ukiwa na umri wa waliofariki na kilichowaua kama kinajulikana. Bebeni pia karatasi zenyewe za majibu ya vipimo. Mtu aliyeambiwa tu "huna selimundu" anaweza kuwa AA na anaweza kuwa AS, na bila kujua ni ipi, mraba wenu hauchoreki.